Mtani Wangu na Mshono wa Kwanza

Nianze na kipigo, maana kila nikijaribu kuanzia kwingine ulimi unarudi palepale. Mtani wangu alipigwa mchana kweupe, Overport, mtaa wa Durban, kati ya duka la simu na bucha, na watu waliokuwa wametoka kununua mkate. Mimi sikuona jambazi hata mmoja pale. Niliona mwanamke mwenye mfuko wa viazi, akauweka chini taratibu ili viazi visimwagike, ndipo akaokota jiwe. Huyo nikikutana naye kesho nitamtambua, na sijui nitamfanya nini.

Mimi ni Mhehe wa Iringa. Hasira nimezaliwa nazo, na kwetu hakuna anayeniombea zipungue. Nafundisha isimu chuo kikuu hapa Durban, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika tasnifu juu ya jambo ambalo nikilitaja kwenye sherehe watu wote hukumbuka kwamba wana shughuli jikoni: namna lugha za jamii ya Kituruki, kuanzia Istanbul mpaka kwenye barafu ya Siberia, zilivyojijengea njia ya kusema changu, chako, chake. Nilisoma Uturuki, nikakipenda Kituruki, nikakileta huku kama wengine wanavyoleta zulia. Ukiniuliza kitanisaidia nini, tutagombana.

Yeye alikuwa Mngoni wa Songea, fundi cherehani. Kibanda chake kilikuwa upande wa chini wa barabara, kimeshikana na cha dada mmoja wa Kikongo anayesuka nywele. Siku ya kwanza nilimpelekea sketi ya kupunguza. Aliposikia lafudhi yangu akauliza, "Wa wapi wewe?" Nikamwambia Iringa. Akaiweka sketi chini, akasimama mlangoni akatangazia barabara nzima kwa Kiswahili ambacho hakuna aliyekielewa: "Jamani, fungeni mbwa wenu! Mhehe amefika!"

Wahehe tunasingiziwa kula mbwa. Nikamjibu hapohapo kwa salamu ya kwetu, "Kamwene, mkimbizi! Nyie si ndio mliotoka huku mbio hadi mkaacha viatu?" Basi, tukawa ndugu.

Kwa asiyejua: Wahehe na Wangoni walipigana enzi za mababu, wakachinjana vibaya, na walipochoka kuuana wakawa watani. Mtani ana haki ambazo hata mdogo wako hana. Atakutukana mbele ya wakwe. Ataingia kwako abebe sufuria aseme hii yangu, nawe ukinuna umejiaibisha mwenyewe. Utaikomboa kwa kuku, au kwa soda kama umefulia. Ukifa, yeye ndiye atakayekuja kuleta vurugu msibani, avae koti lako, azuie jeneza, aseme ulikuwa bahili, mpaka waliokuwa wanalia wacheke. Ni damu ya vita iliyogeuzwa mchezo. Sijui watu gani wengine duniani waliofanya jambo la akili kama hilo, na nimesoma habari za wengi.

Mtani wangu alikuwa na ugonjwa mmoja: aliamini yuko nyumbani. Wangoni walitoka huku kusini, kila mtoto wa Songea anafundishwa hivyo, na yeye alifika Durban kama mtu aliyekuja kudai shamba la babu. Alijifunza Kizulu haraka kuliko sisi wote. Wateja aliwaita mfowethu, ndugu yetu. Nilimwambia, "Mtani, mkataa kwao ni mtumwa, sawa, lakini anayejipachika kwa watu je?" Akasema, "Mimi sijajipachika, nimerudi. Wewe ndiye mgeni, mla mbwa wewe."

Kwenye kibanda hicho ndiko nilikoiandikia tasnifu yangu, kusema kweli. Ofisini kwangu kuna ukimya unaoniudhi. Nilikuwa naketi juu ya gunia la vipande vya vitambaa, mkoba na kompyuta mapajani, nikimsomea kwa sauti huku cherehani inalia.

Nilimweleza kwamba Mturuki akitaka kusema nyumba husema *ev*. Nyumba yangu ni *evim*, yako ni *evin*, yake ni *evi*. Umiliki umegandishwa kwenye mkia wa kitu chenyewe. Akasema, "Kama mwanangu." Nikasema ndiyo, kama mwanangu, mwenzio, mkewe. Sisi tumeanza na watu. Nyumba zetu bado tunaziacha zisimame mbali na mwenyewe, nyumba, halafu yangu. Waturuki wao waligandisha kila kitu, farasi, mshale, kidole, mbingu. Na walikwisha kuifanya kazi hiyo zamani sana, maana kwenye mawe yaliyochongwa nyika za Mongolia, ambayo ndiyo maandishi yao makongwe tuliyo nayo, mikia hiyo imo tayari, imetulia. Ilitoka wapi? Wengi wanadhani ilikuwa viwakilishi vilivyosimama nyuma ya nomino, mimi, wewe, vikachoka kusimama, vikaegemea, mwisho vikaota mizizi humo. Mkia wa nafsi ya tatu ndio unaowagombanisha wataalamu mpaka leo. Hakuna aliyekuwepo kushuhudia.

"Endelea," alikuwa akisema, sindano mdomoni.

Nikaendelea. Kwenye mawe yale, mwenye mali mara nyingi hakuwekewa alama yoyote. Ungesema mfalme, kisha farasi-wake, basi, imeeleweka. Polepole, karne kwa karne, mwenye mali naye akaanza kuvishwa alama yake. Leo Mturuki anasema *benim evim*, ya-mimi nyumba-yangu. Alama kwa mwenyewe, alama kwa kitu.

"Wameshona mara mbili," akasema.

"Mara mbili."

"Mshono wa kwanza kwenye mali, wa pili kwenye mtu. Kwa nini? Wa kwanza ulikuwa unaachia?"

Swali zuri, na linaniumiza kichwa hadi leo. Nikamwambia kinachonishangaza ni kwamba sasa, kwenye maongezi ya nyumbani, Mturuki ameanza kuufumua ule wa kwanza. Utamsikia akisema *bizim ev*, nyumba ya sisi, bila mkia. Mtu amebaki na alama yake, kitu kimeachwa kitupu. Mtani akasimamisha cherehani. "Hao watajuta," akasema. "Fundi yeyote atakwambia. Mshono wa kwanza ndio unaoshika nguo. Wa pili ni urembo."

Na kuna jambo jingine alilolipenda zaidi. Hao watu hawana kitenzi cha kuwa na kitu. Hawasemi nina nyumba. Wanasema nyumba-yangu ipo. Wakiwa hawana, nyumba-yangu haipo. *Var*, *yok*. Alilichukua hilo akalifanya silaha ya utani. Nikiingia tu: "Akili-yako, *yok*!" Nami: "Ng'ombe-zenu, *yok*, tuliwala wote!" Dada wa Kikongo alikuwa akicheka upande wa pili wa ukuta wa mabati, akituambia, "Nyinyi muko wazimu, kabisa."

Sasa miezi hiyo mji ulikuwa umechafuka. Makundi yalikuwa yakipita madukani kuwaambia wageni wafunge waondoke. Yalifika na mtaani kwetu. Kwa dada wa Kikongo walivunja kioo kikubwa kwa nyundo, mteja akiwa kitini, nywele nusu. Alipowauliza wanataka nini akapigwa kofi hadi kuangukia beseni. Mtani wangu akatoka na mkasi mkononi, akasimama mlangoni kwake, akawasomea kwa Kizulu ukoo wake wote, babu baada ya babu, mpaka wa yule aliyevuka mito kwenda kaskazini. Wakamsikiliza. Mmoja akacheka, akampigapiga begani. Wakaenda zao.

Lahaula, heri wangemchapa siku ile. Jioni alikuwa mfalme. "Umeona, Mhehe? Damu inajua damu." Dada wa Kikongo alikuwa anafagia vioo, shavu limevimba, akanitazama, akarudi kufagia. Nilimwambia mtani, "Mzaha mzaha hutumbua usaha. Hao walikuwa wamechoka tu." Akaniambia nisimuonee wivu, nisije nikajinyonga kama ndugu zangu, maana Wahehe tunasemwa hivyo pia.

Siku yenyewe nilikuwa nimemaliza sura ya mawe ya Mongolia. Nilipita kumwonyesha kabla ya kuipeleka kwa msimamizi wangu. Ilikuwa mchana, jua kali, watu tele. Akaifuta mikono, akalishika lile rundo la karatasi, akapima uzito kama mtu anayenunua nyama.

"Umemaliza bila kuwaaga wenye mali?"

"Wenye mali gani?"

"Sisi. Habari ya mshono nimekupa mimi. Kazi hii yangu."

Akazirudisha karatasi kwenye mkoba palipokuwa na kompyuta, akaufunga zipu kwa adabu zote, kisha akaukwapua begani kwangu akatoka mbio. Futi ya kupimia ilikuwa inapeperuka shingoni. "Changu! Cha babu yangu! Kakomboe kwa kuku, Mhehe! Jogoo, si tetea!" Mimi nimeshika fremu ya mlango, nacheka mpaka machozi. Dada wa Kikongo ametoka na chanuo mkononi, anapiga makofi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ndivyo inavyokuwa Songea, Iringa, Dar es Salaam, kila siku ya Mungu.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mwanamume ameegemea teksi yake. Yeye aliona mwanamume mgeni anakimbia na mkoba wa mwanamke. Akapiga mluzi. "Isela! Bambani isela!" Mwizi, mkamateni.

Mtani alisikia. Alisimama, akageuka, na nauona uso wake sasa hivi ninapoandika: alikuwa anacheka. Alidhani mtaa umeingia kwenye mchezo. Akauinua mkoba juu kwa mikono miwili awaonyeshe, kama kombe, na tofali la kwanza likampata mdomoni.

Nilikimbia. Kwenye roboti, taa za barabarani, magari yalikuwa yanapita, nikapita nayo, moja likanigonga paja kwa kioo cha pembeni, sikuhisi. Kufika, alikuwa amekwisha kuwa chini. Kuna sauti ambayo tofali linafanya likikutana na mfupa wa mtu, nami sitaki kuieleza, lakini ukishaisikia huwezi tena kusikia nazi ikivunjwa. Walikuwa wanampiga bila kelele, wanahema tu, kama watu wa kazi. Yule wa teksi alikuwa na kiboko. Mwingine alikuwa anaruka kwa miguu miwili juu ya mkono wake wa kulia, mkono wa mkasi, anaruka tena. Yule mama wa viazi alikuja na jiwe lake. Kijana mmoja alikuwa anarekodi kwa simu, akawaambia wenzake wasogee, wanamzibia mwanga.

Na mtani wangu alikuwa anasema. Damu inamtoka, anasema Kizulu, anawatajia mababu. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila jina likitoka, teke. Mwisho meno hayakuwepo ya kutajia.

Nilipiga mtu ngumi. Nilimng'ata mwingine mkono, nikang'ata hadi nikasikia ladha ya damu yake, na namwomba Mungu anisamehe, nilitamani nyama ibaki kinywani. Kiboko kikanipata mgongoni, nikaanguka. Nikamwona mtu anakuja anaviringisha tairi kutoka kwa waziba pancha, taratibu, analielekeza kwa kiganja. Kila mtu aliyeishi nchi hii anajua tairi linaletwa kufanya nini. Nikamlalia mtani wangu, mwili mzima, kichwa chake chini ya kifua changu. Nikapiga kelele kwa Kizulu changu kibovu, huyu ni wangu, *ngowami*, *ngowami lo*.

Mwenye kiboko akainua mkono, wakasimama. "Wako?" akauliza. "Wako kivipi? Ni nani wako?"

Wakasubiri jibu. Hata mwenye tairi alilizuia kwa goti.

Miaka yote ile nimesoma changu na chako kwa lugha za nusu ya dunia. Nikafungua kinywa niseme mtani. Nani pale angeelewa? Ningesema babu yake alimuua babu yangu, kwa hiyo ana ruhusa ya kunichukulia mkoba? Ningesema rafiki, na rafiki hamtoi mtu kwenye tairi. Mtani wa watu alikuwa anatetemeka chini yangu. Nikasema, "Indoda yami." Mume wangu.

"Mume wako?"

"Mume wangu. Tumegombana nyumbani."

Khaa! Ungeona nyuso zilivyolegea. Mmoja akacheka. Mzee mwenye kofia akasema, "Eish," akatikisa kichwa, akasema haya ni mambo ya ndani ya nyumba. Mwenye tairi akaligeuza, akaanza kuliviringisha kurudi. Mtu akauokota mkoba wangu, akaupangusa vumbi, akaja nao. Nikanyoosha mkono. Hakunipa. Aliuweka kifuani kwa mtani, akamwambia samahani, baba. Kisha yule wa kiboko akainama akanizaba kofi mimi, la nguvu, kwa kuwapotezea muda wao. Mama wa viazi akachukua mfuko wake akaenda kupika.

Nilikaa pale chini na nilitaka kuwaua. Nasema wazi, maana sipendi uongo: kama ningekuwa na mkasi wa mtani ningemchoma mtu wa kwanza mgongoni. Mkoba ni uleule. Mtu ni yuleyule, damu ileile. Akiwa si kitu changu, ni mwizi, achomwe. Akiwa mume, ah, basi mkoba ni wake, karatasi ni zake, kompyuta ni yake, na mimi nimo humohumo mkobani. Kuna wakati huwa nafundisha sentensi za umiliki darasani, na naufuta mfano ubaoni kabla wanafunzi hawajaunakili.

Dada wa Kikongo ndiye aliyetafuta gari. Alimbeba miguu, mimi mabega, analia, "Mungu wangu, mutu yetu, mutu yetu." Hospitali muuguzi akaniuliza kama ana ndugu Durban. Nikajikuta najibu kichwani kwa Kituruki, ndugu-yake hayupo, *yok*. Kwa mdomo nikasema mimi ni mkewe. Uongo nilikuwa nimeshauanza, na bila huo wasingeniruhusu kuingia.

Aliamka mara moja. Kichwa kimefungwa, jicho moja limefunikwa, mdomo umeshonwa kwa uzi mweusi vibaya, ningependa auone mwenyewe, aicheke kazi ile. Nikamwinamia. Akasema kwa shida, neno moja moja, "Nasikia umenioa."

"Nyamaza, Mngoni."

"Bila mahari."

"Nyamaza, nimesema!"

"Mbwa wangapi, nipeleke Iringa?"

Nikacheka, nikalia, nikamtukana matusi yote ninayoyajua ya Kihehe. Akafumba jicho. Nikadhani amelala. Kisha akasema, "Mke wangu akisikia atakuchapa. Ana mkono mzito yule." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ninayoyajua. Damu ilikuwa inavuja ndani ya kichwa, na baada ya siku chache ikamaliza kazi.

Mkewe alikuja kutoka Songea. Mama mpana, mweusi wa kung'aa, mkimya. Nilimpokea, nikamweleza yote, sikuficha hata kidole. Nilipofika pale pa mume wangu nilisita, nikasema. Alikuwa anakunywa maji. Akaiweka glasi.

"Ulisema hivyo?"

"Nilisema, dada."

"Mbele za watu."

"Mbele za watu."

Akaendelea kunywa maji yake. Watanzania wenzetu, Waislamu kwa Wakristo, walikuwa tayari kuchanga mwili urudi nyumbani. Yeye akakataa. Akawaambia, "Miaka yote alinipigia simu kuniambia hapa ni kwao. Basi mwacheni kwao." Alisema bila kupandisha sauti.

Tukamzika makaburi ya kilimani, siku ya upepo. Wachimbaji walikuwa wamekaa pembeni juu ya mchanga, makoleo yamelazwa, wanasubiri tumalize. Padri akasali, jeneza likasimamishwa kwenye kamba, na hapo pakawa na ukimya ambao kila mtu wa kwetu anaujua. Ni nafasi ya watani. Mzee wa jumuiya yetu akageuza kichwa huku na huku. "Mtani wa marehemu yuko wapi?"

Mhehe pale nilikuwa mimi peke yangu. Nikatazama chini. Mgongo wangu ulikuwa bado na mistari ya kiboko, nguo inanata. Nikasema moyoni, sifanyi. Mchezo huu ndio uliomuua, nisiucheze hata marehemu mwenyewe afufuke kuniomba.

Mjane akaja akasimama karibu yangu. Alikuwa na kile kibegi cheusi cha mkononi, kina pasi yake ya kusafiria na tiketi ya kurudi. Akasema kwa sauti ya chini, "Mtani, fanya kazi yako. Usimwache mume wangu azikwe kama mtu asiye na watu."

Basi nikakikwapua. Nikakitoa mkononi mwake kwa nguvu, nikakimbia. Nilikimbia katikati ya makaburi ya watu, viatu vimebaki nyuma, nimekiinua juu kwa mikono miwili. "Changu! Cha babu yangu! Mngoni bahili huyu, amekufa na uzi wangu! Kakomboeni kwa jogoo!" Nyuma yangu nikasikia watu wanacheka. Kwanza mmoja, halafu wengi, kicheko kinachotoka na kilio humohumo, na miguu yao inanifukuza, wanaume wazima na suti zao, "Shika Mhehe! Shika mla mbwa!" Dada wa Kikongo naye anakimbia, hajui anafukuza nini.

Kule kwenye mchanga mchimbaji mmoja akasimama. Akapiga mluzi.

Nilisimama palepale, kibegi kikiwa juu ya kichwa, nikamtazama na koleo lake. Sekunde ile nilijua kile ambacho mtani wangu, alipogeuka akicheka, hakukijua mpaka tofali lilipofika. Mchimbaji akatutazama, akamuuliza mwenzake kitu, akacheka, akaketi.

Mjane ndiye aliyenifikia wa kwanza. Akanikamata ukosi, akavua ndala, akanichapa nayo mgongoni. Watu wakashangilia, ndivyo inavyotakiwa. Akachapa tena. "Rudisha!" Ya tatu ilinipata kwenye jeraha, nikaona giza. "Rudisha, Mhehe! Rudisha changu!" Nikamnyooshea kibegi. Akakipiga kikaruka kule, pasi ikatoka, tiketi ikachukuliwa na upepo. Hakukitazama. "Changu!" anasema, anachapa. "Changu! Changu!" Vicheko vikapungua, vikaisha. Mzee wa jumuiya alipiga hatua mbele, kisha akarudi nyuma.

Sikuinua mkono kujikinga. Mkono wake ulikuwa mzito kweli, kama alivyoniambia mumewe.